Choroko za Rweyani

Mimi nikikataa jambo nimekataa, na nikilishika silisikii la mtu. Mama mkwe wangu amekuwa akilisema hilo tangu nilipoolewa Nyakatuntu, mara chache kwa kunisifu, mara nyingi kwa kunilalamikia. Kwa hiyo siku shemeji yangu aliposema kwamba kile kipande cha rweya atakipanda mikaratusi, tena akalisema mbele ya watu waliokuwa wamepita kwetu baada ya ibada, nilimjibu pale pale kwamba rweya ile nitailima mimi.

"Utalima nini kule, shemeji?" aliniuliza kwa upole. "Kule hata maharage yanadumaa."

Niseme kwanza rweya ni nini, kwa asiyekujua kwetu. Nyumba zetu huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni, na kila kilicho kizuri huenda kibanjani: samadi, majivu, maganda ya ndizi, hata maji ya kuoshea vyombo. Kibanja kikiisha, panaanza rweya. Ni uwanda wa nyasi, udongo wake mwembamba, jua lote ni lake. Tunaenda huko kuchunga na kukata nyasi za kutandaza chini ya migomba. Zamani wanawake walilima humo njugu mawe, na mama mkwe wangu alikilima kipande hicho hicho tangu akiwa bibi harusi mpaka nguvu zilipompungukia. Baada ya hapo nyasi zikajirudia.

Mume wangu alipofariki, kibanja kilibaki kwangu na watoto, na hakuna aliyetia mkono. Lakini rweya ni ya ukoo, na msimamizi wa mali ya ukoo ni shemeji, mdogo wake marehemu. Si mtu mbaya hata kidogo. Paa lilipovuja ndiye aliyepanda juu mwenyewe na misumari mdomoni. Aliona tu jinsi nguzo zinavyotafutwa, akaona majirani wanaotesha miti, naye akataka. Tatizo ni kwamba mkaratusi ukishasimama, ardhi ile hairudi tena kwenye jembe. Watoto wangu wangekua wakigawana kibanja ambacho hata sasa mgomba wa huku unaegemea mgomba wa kule. Nilikuwa nawatazama wakila na kujiuliza watalima wapi, na niliogopa kweli.

Nikamwomba msimu mmoja. Alifikiri, akanijibu kama wanavyojibu wote kwetu wanapoazimana ardhi: lima, vuna, ukishavuna ardhi inarudi.

"Miche yangu iko kwenye kitalu," alisema. "Ukishang'oa tu, mimi naingia. Ila rweya ikikupa chakula cha kuonekana, tutazungumza upya."

Utaratibu huo haujaandikwa popote, na hakuna anayeuvunja. Chakula cha mtu kikiwa kimesimama shambani, hata mwenye ardhi hapitishi jembe. Shamba likiwa tupu, aliyeazima anasogea pembeni bila kuambiwa. Mama mkwe alikuwepo tulipokubaliana. Aliinamia kikapu chake cha maharage akichambua.

Sasa nilime nini? Sikuwa najua. Nilikuwa nimesema nitalima, basi. Bwana shamba wa kata ndiye aliyeniambia kwamba Bugene kunaanzishwa mafunzo ya kilimo cha choroko, wakulima na mabwana shamba wakifundishwa pamoja, siku kadhaa kwa kila hatua ya msimu. Alinieleza kwamba ni zao la udongo mwepesi na la muda mfupi. Nilimkatisha kabla hajamaliza, nikamwambia aniandikishe.

Nilisafiri kwa gari dogo mpaka Kayanga, nikachukua bodaboda kwenda Bugene, na usiku nililala kwa binamu yangu anayeishi huko. Ukumbini tulichanganyika. Wakulima tulikuja na ndala na kanga. Mabwana shamba na mabibi shamba, wengi wao vijana waliotoka vyuoni, walikuja na kompyuta na buti mpya ambazo zilikuwa bado hazijaonja tope. Mwalimu wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, mzaliwa wa upande wa Shinyanga, ambako choroko kwao ni kama maharage kwetu. Siku ya kwanza alituuliza swali moja tu: nani atazipanda wapi?

Tukajibu kwa pamoja, wakulima na wasomi: kibanjani.

Alicheka mpaka akashika meza. Mzee mmoja kutoka Bugomora alichukia, akasimama kumweleza kwamba huku kwetu chakula cha heshima hupandwa kibanjani, chini ya migomba, penye samadi, na kwamba kukitupa rweyani ni kukitukana. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatutoa nje. Nyuma ya ukumbi walikuwa wamezipanda mapema katika vipande viwili. Kimoja kilikuwa chini ya migomba, na choroko zake zilikuwa ndefu, nyembamba, majani tele, zikijipinda kulitafuta jua, ganda hakuna. Kingine kilikuwa mahali peupe, mimea mifupi, mikakamavu, imejaa maganda.

"Choroko anataka jua," alisema. "Na hataki kubembelezwa."

Wengine walikuwa wanapiga picha kwa simu. Mimi nilisimama pale nikaiona rweya yangu yote, tangu kichuguu cha huku mpaka mawe ya kule juu. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akipapasa gizani akagusa mlango. Nilirudi nyumbani na mbegu kwenye mkoba na nikaanza kulima siku iliyofuata.

Kuvunja nyasi za rweya si mchezo. Mizizi yake imeshikana kama mkeka, na unaipiga jembe inakurudishia. Mikono ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena mahali pale pale. Watoto walinisaidia wakitoka shule. Mama mkwe alikuja kila siku asubuhi na mkongojo wake, akakaa ukingoni, akanionyesha mahali alipokuwa akipanda njugu mawe na mahali ambapo hata njugu mawe zilikataa.

"Na hizo choroko zenyewe," aliniuliza siku moja akizigeuzageuza kiganjani, za kijani, ndogo, kavu. "Ni chakula au ni dawa?"

"Ni chakula, mama."

"Cha nani?"

Nikacheka, naye akacheka, lakini niliona ana wasiwasi. Alikuwa ameyazoea maharage, mbegu nene ambayo mtu anaiona kwenye sahani. Wasiwasi wake uliongezeka mvua za vuli zilipoanza, kila mtu akapanda, mimi nikakaa. Tulikuwa tumefundishwa kuhesabu kwa kurudi nyuma: choroko zikomae mvua inapokatika, maana ganda likilowa likiwa limekauka, mbegu inaoza au inachipua humo humo. Kwa hiyo majirani walipokuwa wanapalilia ndipo mimi nilikuwa navuta kamba kunyoosha mistari. Shemeji alipita na baiskeli yake, akasimama.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama yake, kisha akanigeukia. "Shemeji, nilidhani umeshaacha."

"Niache? Ndiyo kwanza naanza."

"Mvua zinaelekea ukingoni."

"Ndivyo ninavyotaka," nikamjibu. Aliniangalia kama anayemwonea mtu huruma, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Zikaota. Sitasahau asubuhi ile, mistari imenyooka kwenye udongo mwekundu, na mimi natembea katikati yake nimevua ndala nisije nikakanyaga mche hata mmoja. Nilipalilia mapema kama tulivyofundishwa. Walipokuja vidukari nilimpigia simu bwana shamba, naye alikuja na zile buti zake, sasa zimeshaonja tope. Maua ya manjano yalifunguka. Maganda yakafuata, ya kijani, membamba, yameelekea juu kama vidole. Halafu, mvua zilipopungua, ganda moja hapa na jingine pale yakaanza kugeuka meusi.

Ndipo tulipoitwa Bugene kwa somo la kuvuna. Nilitaka kuvuna kwanza ndipo niende, lakini mwalimu alituma ujumbe wa sauti, akafoka kama alivyozoea kwamba asivune mtu kabla ya somo. Nikamwachia mama mkwe watoto na nyumba. Nilimwambia, "Mama, niangalizie choroko zangu." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia, hayo tu, na mpaka leo siwezi kumlaumu kwa jinsi alivyoyaelewa.

Maana kwetu maharage yakikauka hayasubiri. Mtu anaamka alfajiri umande ungali mzito, kwa sababu umande unalainisha maganda yasipasuke. Anawaita wenzake, wanainama mstari mmoja, wanang'oa shina zima na mizizi yake, wanafunga mizigo na kuibeba mpaka uwanjani kwa kupurwa. Jua likipanda na umande ukikauka, wanaacha, maana ukigusa ganda kavu juani mbegu zote zinaruka chini. Kesho yake wanaendelea. Sijawahi kuona maharage yakivunwa namna nyingine, wala mama yangu hakuona, wala bibi yangu.

Na pale Bugene, asubuhi ya somo, mwalimu alikuwa amesimama katikati ya choroko zake mikono kiunoni.

"Nawajua nyinyi watu wa maharage," alituambia. "Mnataka kung'oa. Ole wake atakayeng'oa!"

Tukacheka sana, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amepanga kung'oa. Akatuonyesha: shina moja lina ganda jeusi, ganda la kijani na ua, vyote pamoja. Unachuma yale meusi, unayaacha mengine. Unarudi tena baadaye. Na mvua kidogo ikikujalia, mmea unatoa maua upya, unachuma tena. Tuliingia mistarini tukachuma hivyo, wakulima na mabwana shamba, na yule mzee wa Bugomora ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Niliwaza jinsi nitakavyomfundisha mama mkwe, na nilikuwa na furaha.

Bodaboda alinishusha njiani kwetu alasiri ya siku iliyofuata. Kabla sijafika mlangoni nikaona uwanjani kichuguu kikubwa cha kijani. Sikuelewa. Nikasogea. Zilikuwa choroko zangu, mashina mazima, mizizi imeelekea juu na udongo wa rweya umekaukia juu yake, maua ya manjano yamenyauka, maganda ya kijani yamelegea. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yake, amechoka, uso wake unang'aa.

"Karibu, mwanangu," alinipokea. "Tulikuwahia. Zilishaanza kupasuka, nikaona ukirudi utakuta zote chini na mwanangu atakucheka. Jana niliwaita majirani alfajiri. Tumefika nusu, jua likatuwahi. Leo wenzangu walikuwa na msiba, kesho tunamalizia."

Yeye na magoti yake yale. Aliinama tangu umande mpaka jua, kwa ajili yangu.

Mkamwana hampigii kelele mama mkwe, na mimi najijua, ningeanza nisingeweza kuacha. Niliweka mkoba chini, nikachukua panga, nikaingia kibanjani nikaanza kukata majani makavu ya migomba. Nilikata yaliyokauka, na nadhani nilikata na ambayo yalikuwa bado. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananivuma. Nusu ya shamba! Nusu ambayo ingechumwa na kuchumwa tena, imeng'olewa kwa mapenzi, imerundikwa uwanjani kama magugu. Na shamba lililong'olewa ni shamba tupu. Shemeji alikuwa na haki ya kuingia kesho.

Jasho lilipokuwa limenilowesha vya kutosha nilirudi. Mama alikuwa pale pale, uso hauna tena ule mng'ao. Alikuwa ameshasikia panga likilia kibanjani na ananijua. Nikaketi chini karibu naye, nikang'oa ganda la kijani kutoka kwenye lile rundo, nikalifungua, nikamwonyesha mbegu zake laini kama maziwa.

"Hizi zilikuwa bado, mama."

Alizitazama kwa muda mrefu. "Lakini maharage..." alianza, akaacha.

"Si maharage. Ni kama kahawa. Kahawa unachuma iliyoiva, ya kijani unaiacha mtini, unairudia."

Mwalimu wetu hakutumia mfano huo, maana kwao hawana kahawa. Mimi mwenyewe haukunijia Bugene. Ulinijia pale chini, nikimtazama mwanamke aliyechuma kahawa maisha yake yote, na mara niliposema nikaona amenielewa, kabisa, na nikatamani nisingesema, maana hapo ndipo alipoelewa pia alichokifanya.

"Maawe," alisema polepole. "Kumbe nimekata mbuni ili nichume kahawa."

Usiku ule hakula. Nilimwambia hakuna neno, akanijibu kwamba lipo.

Alfajiri wale majirani walipokuja kumalizia, walinikuta nimesimama rweyani mbele ya nusu iliyobaki, mikono kiunoni kama mwalimu. Walinishangaa. Nikawaamkia, nikawashukuru, nikawaambia leo hatung'oi. Nikawaonyesha. Mmoja aliuliza kama nina kichaa, kuchuma ganda moja moja kwenye shamba zima, tutamaliza lini? Kabla sijajibu, mama mkwe alitokea nyuma yao na kikapu kidogo, kile cha kuchumia kahawa.

"Tutamaliza litakapoisha," aliwaambia. Akainama kwenye mstari wa kwanza, akaanza na meusi.

Tulichuma hivyo. Zile za uwanjani tulizianika, na zilizokuwa zimekomaa tulizipura tukapata kiasi, nyingine zikasinyaa, tukawapa mbuzi. Shemeji alikuja kama nilivyotarajia. Aliiona nusu iliyo wazi, akaniuliza kwa adabu kama nimeshavuna pale. Ningesema nini? Neno ni neno. Nilisema ndiyo, pale pameshavunwa.

Wakati huo wa mwaka mvua huwa imekatika, lakini mwaka ule ilirudi. Ilinyesha siku kadhaa, laini, ya kulowesha ardhi bila kupiga. Shemeji alifurahi. Alileta miche yake kwenye mkokoteni, akachimba mashimo katika ile nusu iliyo wazi, akapanda mikaratusi mistari kadhaa, hodari kwa kweli, akiimba. Mimi na mama tulikuwa upande wa pili tukichuma, na kati yetu na yeye palikuwa na njia ya kupita mtu mmoja tu.

Lakini mvua ile ile haikuchagua upande. Choroko ambazo nilidhani zimemaliza zikachangamka, zikatoa majani mapya kwenye ncha, na siku moja mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikakimbia nikidhani ameumwa na nyoka. Alikuwa amesimama ameshika tawi.

"Maua!" alisema. "Mkamwana, zimetoa maua tena!"

Nilimwambia mwalimu alisema hivyo. Hakunisikiliza. Alienda kutoka shina hadi shina akiyatazama yale maua ya manjano kama mtu anayekagua kama waliomtembelea wameondoka na kitu. Kisha akageuka akatazama ile nusu nyingine, mikaratusi imesimama pale na vijani vyake vya rangi ya majivu. Tangu siku hiyo alianza kwenda rweyani kabla yangu.

Tulivuna tena. Zilijaa. Zilijaa kuliko nilivyothubutu kuomba, gunia likasimama kwenye kona ya sebule, mdomo umefungwa tusiruhusu hewa wala fukusi, na jingine likaanza kujaa. Watoto wakawa hawalali njaa, wanakula ndizi na choroko mpaka wakazizoea wakaacha kulalamika. Mama mkwe, aliyeuliza kama ni dawa, akawa ndiye anayesimamia chungu. Alizipika kwa karanga. Alizipika kwa samli. Alizichanganya na ndizi akaziponda, akadai hivyo ndivyo zilivyokuwa zinatakiwa kupikwa tangu zamani, kana kwamba zilikuwepo.

Shemeji alipita siku moja akakuta bado tunachuma. Alipiga vigingi kwenye ukingo wa choroko, akavuta kamba, akipima mistari itakayofuata.

"Mnamaliza lini, shemeji?" aliuliza. "Miche iliyobaki inarefuka kupita kiasi kitaluni. Wiki hii?"

"Zina maganda bado," nilimjibu.

"Hilo zao gani lisiloisha?" Alicheka, lakini vigingi aliviacha.

Nilijipanga kumkabili. Nilipanga maneno yote, nikayarudia nikipalilia, nikipika, nikioga. Nitamwita nyumbani, nitamwonyesha gunia, nitamkumbusha chakula cha kuonekana. Ile nusu ya mikaratusi nilishaihesabu imekwenda, ila hii iliyobaki asingeipata. Nilituma mtoto kumwita aje kula jioni.

Siku hiyo mama mkwe aliondoka mapema na jembe lake dogo la palizi na karai. Sikumuuliza, nilidhani anaenda kuchuma. Hakurudi mpaka mchana umepita, magoti na viganja vimejaa udongo, na karai ameliweka kivulini karibu na mlango, amelifunika kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa maji. Alinawa, akaenda jikoni moja kwa moja.

Shemeji alikuja, akaketi. Mama alimpakulia mwenyewe, ndizi na choroko za karanga, sahani imejaa. Alikula taratibu kwanza, kisha akaanza kula kama mtu aliye nyumbani kwao.

"Hizi ndizo zile za rweyani?" aliuliza.

"Ndizo," mama alisema. "Kama njugu mawe nilizokulea nazo. Ardhi ile ile."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nilivuta pumzi nianze maneno yangu niliyoyapanga. Shemeji aliinua macho, akaliona karai.

"Na lile karai, mama, ni la nini?"

"Miche yako."

Mkono wake ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Mama aliinuka kwa mkongojo wake, akafunua majani. Ilikuwa ndani, mikaratusi yote, imepangwa imesimama, kila mmoja na bonge lake la udongo kwenye mizizi, imenyunyiziwa maji. Hakuukata hata mzizi mmoja. Aliing'oa kwa vidole na lile jembe dogo, mmoja mmoja, tangu asubuhi.

"Kule juu kwenye mawe," alimwambia, "ambako hata njugu mawe zilikataa, panda mpaka uchoke. Sitakuzuia. Huku kwingine kunalimwa."

"Mama, tulikubaliana..." Shemeji alinitazama, akamtazama. "Si ungeniuliza kwanza?"

Mama aliketi, akanyoosha miguu yake, akaupangusa udongo uliokuwa bado kwenye kucha.

"Choroko za mkamwana wangu nilizing'oa bila kumuuliza mtu," alisema. "Na hii nayo sikuuliza."

Maneno yangu yote niliyoyapanga hayakuhitajika tena. Shemeji aliitazama miche ile, ikiwa hai, haina kosa. Sijui aliwaza nini. Alichezea mbegu moja iliyobaki pembeni ya sahani, akaila, kisha akaisukuma sahani kwa mama yake, na mama akamwongezea.